Umekosea, Rudia Polepole

Ghorofa ya tatu, Luthuli. Mlango hauna kibao;
wanaonitafuta hufuata harufu ya lehemu.
Leo kaja Mulwa, koti la mvua linachuruzika,
na mkebe wa biskuti kaubana kwapani
kama mtu aliyebeba kuku asiye na hakika ni wake.

Ndani, disketi kumi na moja,
zile pana, nyeusi, za kukunjika,
ambazo vijana wa duka la chini
waliwahi kuniuliza kama ni santuri za wanasesere.
Lebo kwa wino wa kijani:
HESABU. MIKOPO. MIKOPO 2. USIGUSE.

"Za mama," asema. "Alikuwa karani Makongeni,
chama cha akiba cha watu wa reli.
Programu aliiandika mwenyewe, usiku,
sisi tumelala miguuni pa mashine
kwa sababu ilikuwa na joto."

Nachomoa ya kwanza. Kuvu.
Imeota duara, nyeupe, kama pumzi kwenye kioo.
Miaka thelathini juu ya kabati la vyombo si mchezo:
mvuke wa sufuria umepanda, umepoa, umehamia.
Napasua ganda kwa wembe, natoa sahani nyembamba,
naiosha kwa spiriti na pamba, taratibu,
unavyomwosha mtoto nyuma ya masikio,
kisha naivika ganda la marehemu mwingine.
Usicheke. Kazi hii nayo ina sanda zake.

Kisomeo changu ni kizee, hukohoa kabla ya kusema.
Krrr, tak.
Pameharibika. Narudia.
Krrr, tak.
Mara ya tisa. Mara ya kumi na nne.
Halafu stima ikapotea
na Luthuli nzima, spika zote zile,
ikanyamaza kama iliyozibwa mdomo.
Tukakaa gizani na chai ya chupa.
Mulwa hakusema neno. Mimi pia.

Iliporudi: krrr.
Nikangoja tak. Haikuja.

Mashine ikauliza tarehe. Nikaandika ya leo.
TAREHE HIYO HAIJAFIKA. ACHA HARAKA.
Mulwa akasogeza kiti.
Basi tukaidanganya, tukasema ni Machi, tisini na mbili,
ikaamini, maskini, ikafungua:

MALI BILA DAFTARI HUISHA BILA HABARI.
NENO LA SIRI?

Akaandika jina lake, kwa kidole kimoja.
UMEKOSEA. RUDIA POLEPOLE.

Kidole kikabaki hewani.
"Ndivyo alivyokuwa akisema," akanong'ona,
"nikisoma kwa sauti. Nikifunga kamba za viatu.
Hivyo hivyo. Polepole."

Akaandika jina la dada yake.
UMEKOSEA TENA. UMEKUNYWA CHAI?
Hapo akacheka, mtu mzima, mvi kidevuni,
akajifuta pua kwa mkono wa koti.
Akaandika namba ya nyumba. Jina la paka.
WEWE NI NANI HASA? MWITE MWENYE DAFTARI.

Sasa, neno lenyewe nilikuwa nimeliona.
Programu za zamani hazijui kuficha;
nilipokuwa nanakili lilipita mbele yangu,
herufi sita, uchi, katikati ya takataka za tarakimu.
Ulimi ukawasha.
Nikaumeza pamoja na chai.

Kwa kuwa alikuwa ameanza kukosea kwa uangalifu.
Aliandika "ugali". Aliandika "mvua".
Aliandika herufi moja tu, akabonyeza, akangoja,
shingo imeinama kidogo upande,
kama mtoto anayejua atakaripiwa
na ameoga kabisa kwa ajili hiyo.

Nje wanafunga maduka, mabati yanashuka.
Nimetoa nakala tatu, moja nitabaki nayo.
Neno la siri nimeliandika nyuma ya risiti,
nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya mkebe.
Akilihitaji, atalikuta.

"Naweza kukaa kidogo?" aliuliza.
Nikamwashia hita.
UMEKOSEA, ikasema skrini, kijani,
RUDIA POLEPOLE.
Akarudia.