Kalafati

Muuguzi Nyamizi alinivua kofia,
akanipima kichwa kwa utepe wa mshonaji,
paji hadi kisogo, sikio hadi sikio,
akatia alama ya wino wa buluu.

Kisha sumaku. Umbo la namba nane iliyolala,
nzito, ya baridi, isiyo na sindano.
Mimi nimezoea sindano. Nikauliza: inaingilia wapi?
Akasema: haiingii. Inabisha hodi tu.

Pigo la kwanza, kidole gumba changu
kikaruka juu ya paja
kama furu aliyetupwa mchangani.
Sikukiamuru.
Nikacheka, halafu nikanyamaza,
maana miaka sita mkono huu mzima
uliruka bila amri yangu:
ulifungua kabati la mama,
uliuza mashine ya mjomba Bwire, farasi kumi na tano,
kwa kete ishirini na soda.

"Sasa hapa," akaisogeza mbele, juu ya jicho la kushoto,
"ndipo anapokaa yule anayesema subiri."
Sikujua kama nina mtu huyo.

Tok-tok-tok-tok. Kimya. Tok-tok-tok-tok.
Jino la nyuma likaitika.
Nami sauti hii naijua.
Igombe, ufukweni, mjomba Bwire amepiga magoti
ubavuni mwa mtumbwi uliopinduliwa,
patasi mkono huu, nyundo mkono ule,
anasokomeza pamba kwenye nyufa,
tok-tok, anasogea shubiri moja, tok-tok.
Tukamtania, watoto: mtumbwi umekosa nini hata upigwe?
Haupigwi, alisema. Unafundishwa kukataa maji.

Kila asubuhi swali lilelile:
sifuri hadi kumi, uchu ni ngapi?
Jumatatu nane. Jumanne nane.
Alhamisi nikasema tano ili nimfurahishe.
Akaniangalia, akaandika nane.
Wiki ya pili, sita, ya kweli.
Halafu pale Mwaloni, katikati ya magunia ya dagaa,
mtu akakwaruza kiberiti nyuma yangu,
na harufu ile tu, ya njiti kabla haijashika vizuri,
ikanirudisha tisa, na jasho, na matumbo.

Siku ya kumi na nne umeme ukakatika.
Feni ikasinzia. Sumaku ikafa juu ya paji langu.
Nyamizi akatoka kuulizia jenereta.
Ndipo ulipokuja, uchu, kwa miguu yake, bila hodi,
ukanikalia mapajani,
ukaniita kwa jina la utotoni.
Mlango wazi. Mfukoni elfu kumi
aliyonipa dada Nyabise ya mafuta ya taa.
Dirishani, mawe ya mlimani yamebebana:
dogo limebeba kubwa, wala halijikazi,
limekaa tu.
Nikagonga kwa ukucha kwenye mkono wa kiti,
tok-tok,
nasogea shubiri moja,
tok-tok.
Sijui ni dakika ngapi.
Nyamizi aliporudi ulikuwa umeshatoka,
au ulikuwa kibarazani, unanisubiri.
Sitasema uongo.

Siku ya ishirini akauliza. Nikasema tatu.
Akaandika tatu.

Jioni nikashuka Igombe na kidumu cha mafuta
na chenji yote, hadi ile mia iliyochakaa.
Dada aliihesabu mara mbili. Haki yake.
Mjomba alikuwa chini, kwenye mtumbwi uleule,
anapapasa mbao kwa gumba, ubao kwa ubao,
kama afanyavyo kila msimu,
kwani hajawahi kusema kwamba umepona.
Hakuinua macho.
Nilisimama hadi miguu ikazama mchangani.
Ndipo, bila neno,
akanisogezea kopo la pamba
kwa mguu.