Kitenzi Kwenye Hukumu ya Bi Aikaruwa

Ukurasa wa tatu, mstari wa tisa,
mwenyekiti kaandika kitenzi kimoja cha Kiingereza,
kirefu, kama mtu asemaye ana kokoto mdomoni,
na Bi Aikaruwa, aliyeshuka kutoka Uru tangu alfajiri,
ameketi mbele yangu, mkoba magotini,
anasubiri nimwambie ameshindwa kwa neno gani.

Mimi hutafsiri. Ukurasa elfu tano,
chumba nyuma ya duka la vipuri, Moshi mjini.

Nikaanza na kuthibitisha.
Nikaliacha: hilo lina mhuri, hilo limeshafika.
Kitenzi hiki bado kiko njiani.
Kuunga mkono? Nikauona mkutano wa ushirika,
mikono yote juu, bei ya kahawa ileile.
Kushuhudia, lakini alishashuhudia,
siku mbili kizimbani,
akautaja mfereji, akautaja mwaka wa njaa,
yakaandikwa yote, kurasa kumi na nne.
Hukumu haisemi popote kuwa alidanganya.
Inasema alisema peke yake.

"Mama, unaujua mgomba wenye mkungu mzito?"
Akanitazama kama niliyemuuliza kama anayajua maji.
"Mkungu ni wako, ndizi zimejaa, hakuna abishaye.
Ila bila mti wenye panda wa kuutegemeza,
upepo wa usiku mmoja tu..."
"Kumbe walitaka nguzo."
"Walitaka nguzo. Na nguzo isiwe mgomba wenyewe."

Akakunja karatasi zake. Hakulia.
Aliuliza rufaa ina siku ngapi.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta barazani
na jani la isale ndani ya kanga, bichi, lina umande.
Karani, kijana wa Kibosho, alikuwa ameshasimama:
kwao ukiletewa jani hilo unasamehe,
hata kama kulimwagika damu.
"Ndekirwa, njoo! Mama ameomba radhi,
anamwachia jirani shamba."

"Nani kaomba radhi?"
Alilishika jani kama fundi ashikavyo rula.
"Hili limekatwa mpakani. Baba mkwe alipanda safu nzima,
kumi na saba, kwenda juu mpaka mferejini.
Mimi naweza kusema uongo. Wao wamesimama tu pale,
tangu sijaolewa.
Nimeleta nguzo."

Karani akanigeukia nitafsiri.
Tulikuwa tunaongea Kiswahili, wote watatu.

Ninalo daftari la maneno magumu.
Kwenye kitenzi kile nilikuwa nimeandika mara tatu,
nikafuta mara tatu, karatasi imekaribia kutoboka.
Nikaandika pembeni, kwa kalamu ya karani:
kwenda mpakani kuhesabu masale,
ukiongozana na mtu asiye wa ukoo.

Kisha nikamuuliza kijana kama ana buti.
Huko juu mvua ilikuwa imeshaanza.