Mizani, Nala

Mwalimu Sechelela wa Mvumi alitufundisha
kwamba mizani ni silabi, nane huku, nane kule,
na ikizidi moja tu mstari unachechemea.
Alikuwa akigonga dawati kwa ufunguo wa stoo.
Sasa mizani yangu ni bamba la chuma barabarani,
nami nimo kibandani na koti la Julai,
nahesabu magurudumu.

Saa tisa usiku inapanda semi ya mashudu ya alizeti
kutoka Singida. Harufu imeitangulia mlangoni.
Kichwa chekundu, trela ya ekseli tatu.
Namba zinachezacheza kwenye kioo, kisha zinatulia:
usukani, sita elfu mia moja ishirini,
kati, kumi na nane elfu mia tatu themanini.
Trela haina neno.

"Kati umezidi," nasema kwenye kipaza sauti.

Anashuka dereva, Chidawali, soksi ndani ya kandambili.
"Dada, jumla yangu halali! Piga hesabu mwenyewe."
Nimeshapiga. Jumla yake halali kabisa.
Lakini lami haikanyagwi na jumla.
Hukanyagwa na ekseli, mojamoja,
na kila moja hujibu kwa lililo juu yake.

Nachukua tochi, natoka.
Sahani imerudishwa nyuma hadi karibu tundu la mwisho,
trela imemlalia kiunoni badala ya begani.
"Kona za Saranda ulizionaje?"
Ananyamaza. Anakuna shingo.
"Usukani ulikuwa mwepesi," anasema. "Nakata mimi,
gari linafikiria kwanza."

Narudi ndani. Sijui nini kimenipata,
nageuza risiti, naandika nyuma yake:

*Jumla haina kosa, tani zote ni halali,*
*kati ndipo panatesa, mbele uzani kalili;*
*vuta pini hapo sasa, sukuma tundu la pili,*
*gunia hutaligusa, usiku hapa hulali.*

Anaisoma chini ya taa, midomo ikicheza.
"Dada, hii ndiyo faini?"

Tandiboi wake, Lechipya, anaingia uvunguni.
Pini imegoma, mchanga wa Bahi umeshikana na grisi;
anaipiga nyundo, anaitukana kwa Kigogo,
mara anaibembeleza, inatoka.
Breki za trela zimefungwa. Trela haiendi popote.
Na hapa ndipo wageni hukosea:
ili sahani isogee mbele, kichwa hurudi nyuma.
Chidawali anarudi nyuma taratibu,
kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.
"Njoo. Njoo. Njoo kidogo. Hapo!"
Chuma kinalia *kwa*, tundu moja. *Kwa*, la pili.
Pini inarudi nyumbani.

Anapanda tena.
Sita elfu mia tano arobaini.
Kumi na saba elfu mia tisa sitini.
Jumla ileile, kilo kwa kilo,
hakuna kiroba kilichoshushwa,
hakuna aliyebeba kitu.

Nabonyeza, karatasi inatoka ikiwa ya moto.

Nyumbani kwetu Mvumi jumla pia ni halali:
watoto watano, mama mmoja, dawa za mwezi mzima.
Ukitugawanya kwa kalamu hakuna anayezidi.
Ila ekseli ya kati ni mimi,
na kaka Ndahani wa Iringa ni mwepesi mbele,
anakata kona kubwakubwa, anasema Mungu atasaidia.

Nikachukua simu, nikampigia.
Saa kumi kasoro. Ikaita mpaka ikachoka.
Sikuwa nimepanga la kusema;
labda ningemsomea namba tu.

Nje semi inavuta gia, taa zake nyekundu
zinaingia upande wa Dodoma mjini.
Ile risiti ameibandika kwenye kioo cha mbele,
ubeti ukitazama ndani.
Nyuma yake imeshapanga foleni lori la vitunguu,
nalo, hata kabla halijapanda,
naliona limeinamia upande mmoja.