Zamu ya Usiku

Hesabu ya kwanza niliiandika nyuma ya bili ya umeme:
mbwa, dola elfu kumi na nane.
Chini yake: chakula, chanjo, daktari wa mifugo,
wiki mbili kwenye kituo wanakomfunza,
hoteli, petroli, kahawa ya njiani.
Nikajumlisha. Nikajumlisha tena, kutoka chini kwenda juu,
kana kwamba namba huona aibu
zikitazamwa kutoka upande wa pili.

Inkeri alikuwa akimenya viazi.
"Ngapi?" akauliza.
"Nyingi," nikasema.
Nje, theluji ya Thunder Bay ilikuwa imefika dirishani,
na ziwa lilikuwa limenyamaza tangu Januari.

Nina mashua ya bati, mita nne na nusu, injini nzima.
Nina pikipiki ya theluji ambayo jirani yangu Rauno
huitazama kama mtu atazamavyo mke wa mwenzake.
Akina mama wa kanisani wameahidi kuoka mikate ya iliki
Jumamosi tatu mfululizo.
Chama chetu cha wafanyakazi wa ghala la nafaka kina mfuko,
na mfuko una fomu, na fomu ina kurasa tisa.
Shangazi Lempi alituma hundi ya dola arobaini
na barua: mbwa ni mbwa, mfungeni nje.

Dola arobaini. Nazo niliziandika.
Mkono mtupu haulambwi.

Lakini ngoja niseme lile nisilolisema mezani.

Miaka kumi na mmoja nimelala kwenye godoro jembamba
koridoni, mlango wake ukiwa wazi kiasi cha kiganja.
Nazijua pumzi zake. Najua kikohozi, najua ndoto,
najua kugeuka upande,
na ule ukimya mfupi unaotangulia
kabla kitanda hakijaanza kugonga ukuta.
Nimeshika saa gizani nikihesabu sekunde.
Nimemlaza kwa ubavu, nimefuta povu
kwa mkono wa shati langu.
Hakuna aliyenilipa, wala sikuomba.

Sasa mimi ndiye nilipe elfu kumi na nane
ili kazi hiyo apewe mwingine,
mwenye mkia.

Kwa hiyo niliendelea kujumlisha.
Kila jioni nilipata gharama mpya:
bima, kucha, zulia litakalochafuka.
Mwanamume anaweza kujificha nyuma ya hesabu
miezi mitatu mizima, na watu wakamwita mwangalifu.

Halafu ile Alhamisi ya Machi.
Nilikuwa nimetoka zamu mbili, vumbi la ngano kooni.
Nililala. Sikusikia kitu.
Asubuhi nilimkuta sakafuni, kati ya kitanda na kabati,
ulimi umeumwa, shavu limechorwa na zulia,
macho yakinitafuta polepole.
Hakunilaumu. Alisema,
"Baba, una miaka sitini na mbili.
Sikio lako la kushoto halisikii hata king'ora."
Kisha: "Nataka kwenda Winnipeg. Kusoma.
Godoro lako halitaingia bwenini."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka,
kisha nikaenda kusimama barazani bila koti.

Rauno alihesabu noti juu ya boneti ya gari,
akilamba kidole kila noti ya tatu.
Mashua bado. Labda Mei, barafu ikipasuka,
watu wanapokumbuka kwamba wanapenda samaki.
Tumepungukiwa elfu sita na mia mbili.
Foleni ya kumngoja mbwa ni miezi kumi na minne,
kwa hiyo Septemba yake si hii, ni ile nyingine.
Kalenda ya mwaka huo haijachapwa;
ameichora mwenyewe kwa rula, akaibandika kwenye friji.

Usiku huu najaza ukurasa wa saba.
Wanauliza: kwa sasa, nani humwangalia mwombaji usiku?
Naandika: Tauno Hakkarainen, baba.
Wanauliza: je, ana mafunzo yoyote?
Nafasi waliyoacha haitoshi hata sentensi.
Nimeishika kalamu muda mrefu.
Chumbani mwake pumzi inaingia, inatoka,
inaingia.