Baki

Nilipiga pasi sketi ya kijivu mara mbili,
nikachonga penseli sita, kana kwamba akili
hukaa kwenye ncha.
Mtihani wa uhandisi ulikuwa Aizawl, Jumatano, saa tatu.
Nilitaka kujenga madaraja. Si moja: madaraja.
Niliyachora kwenye karatasi za kufungia sukari,
mama akiuliza kama chai itapikwa kwa michoro.

Basi letu liliondoka Lunglei usiku, mvua ya Julai ikimwaga.
Kabla ya alfajiri mlima ukashuka.
Haukuanguka, Bwana. Nilikuwa macho, niliuona:
ulishuka polepole, mianzi yake imesimama wima,
kama mtu anayehama na vyombo vyake vyote,
ukaketi katikati ya barabara.

Dereva, mzee Hrangchhuana, akazima injini.
"Mwenye haraka ashuke akauombe utupishe."
Hakuna aliyecheka.

Siku tisa tulilala katika kijiji nisichokijua jina.
Siku ya pili nilikukasirikia.
Siku ya tatu sikusali; nilikaa nikihesabu maswali
ambayo wenzangu walikuwa wameshayajibu.
Siku ya nne mtoto wa mwenye nyumba, Rinpuia,
akaniletea daftari la hesabu za kugawanya,
zote zimekosewa mahali pamoja: alitupa baki.
"Mwalimu wetu alihama," akasema,
kama mtu asemaye kisima kimekauka.
Nikatoa penseli moja.

Kanisani hupenda niishie hapo.
Ngoma hulia, watu huitikia, nami hukaa chini.
Lakini niliyeishi baada ya hapo ni mimi.
Mwaka uliofuata niliurudia mtihani, nikafeli kwa alama nne.
Nauli ya mwaka wa tatu ilikwenda hospitali na baba,
wala haikurudi, wala baba.
Nilikwenda tena kwa akina Rinpuia kwa sababu palikuwa na kamshahara
na chumba kilichovuja upande mmoja tu.
Sikusikia sauti. Sikuona kichaka kikiwaka.
Nilisema, "Haya,"
kwa namna mtu aliyechoka anavyosema haya.
Kama ile ilikuwa imani, basi ndiyo niliyokuwa nayo.

Waliniambia: mtu hupanga, Mungu hupangua.
Nikakuuliza miaka mingi:
na ukishapangua, hupanga tena,
au huacha vipande sakafuni, tuvikanyage gizani?

Hukunijibu. Ila sijakanyaga kitu.

Sasa serikali imejenga daraja juu ya korongo letu.
Nililikagua peke yangu, na mwavuli.
Mifereji wameiweka vibaya; nimewaandikia barua.
Ndiyo, bado nalia kidogo nikigusa chuma.
Unajua. Ulinitazama.
Lakini mchoro siku hizi sikuombi tena.
Nguzo hailioni daraja:
husikia uzito ukipita,
ikajua kuna mtu anavuka.

Mvua imeanza. Hmingi amesimama mlangoni, binti wa Rinpuia,
daftari kifuani lisilowe.
Kumi na saba kwa tano. Ameandika tatu, akafunga.
Damu haipotei.

"Usitupe baki," namwambia.
"Liandike pembeni, hata kama hujui la nini.
Sogea hapa, penye mwanga."