Vijiti Viwili juu ya O

Alikuja saa nne, vuli imekwisha lowesha
vibao vyote vya Barabara ya Nane,
barua kaivalisha mfuko wa nailoni,
yeye mwenyewe karowa.

"Mchapaji ni wewe?"
Ni mie, Mwanahija,
na kibodi yangu ya Kiingereza
iliyofutika A na E
kwa maombi ya kazi ya Ngamiani nzima.

Ukurasa mmoja. Mwandiko wa mtu wa reli,
fundi wa ishara, herufi zimelala sawasawa
kama mataruma.
Mji: Győr.
Nikachapa Gyor.
Kidole chake kikagonga kioo:
"Hapa umenishusha stesheni siyo."

Nikapekua, nikapata o ya nukta mbili.
Nukta nazijua. Chuoni kwa Maalim Shee
nimechapwa kwa ajili ya nukta:
moja chini ni be, mbili juu ni te,
ukiteleza moja umembadili mtu na ukoo wake.
"Si nukta," akasema Shekiondo, "ni vijiti.
Nukta pumzi fupi. Vijiti, pumzi ndefu.
Wewe ukiandika ng'ombe
ukasahau kile kinachoning'inia,
utakamua nini?"

Nikacheka. Nikatafuta tena.
Nikaiokota moja mahali, nikaibandika,
ikaja nene, ya mwandiko mwingine,
kama mgeni aliyekosea nyumba ya harusi
na keshakaa mbele.
Akaitazama kwa adabu.
"Ndiyo," akasema. "Lakini hapana."

Nikampigia Kombo, Mikanjuni,
huko anakofungua kompyuta za watu
na kubaki na skrubu.
"Sifuri moja tano moja," akasema,
"bana Alt, gonga X. Usiulize kwa nini."

0151.
Nikabana. Nikagonga.
Tarakimu nne zikajikunja
zikawa ő.

Shekiondo akavua miwani, akaifuta,
akaivaa, akaivua tena.

Basi tukaenda. Győr ikakaa. Ilona Bedő akakaa,
jina lote, na vijiti vyake.
Mashine ya fotokopi inanguruma,
mtu anataka nakala sita za cheti, namwambia ngoja,
hadi mstari wa tisa:
És ő?

"Hii umeiacha peke yake," nikamwambia.
"Neno halijaisha."
"Limeisha. Ndilo hilo zima."
"Maana yake?"
"Na yeye?"
"Yeye nani? Mwanamume, mwanamke?"

Akatazama nje, maji yanavyoshuka mtaroni
na kifuniko cha ndoo.
"Lugha yao haisemi," akajibu.
"Nayo yetu haisemi.
Nimeondoka mwaka wa themanini na tatu.
Mimba ilikuwa na miezi mitano."

Mwenye vyeti akanyamaza naye,
ingawa sidhani alisikia.

0151. Nikabana.
Sikugonga mara moja.
Kisha nikagonga, nikaliona limesimama
kati ya nafasi na alama ya kuuliza,
mtu mzima sasa, wa miaka arobaini na kitu,
hana jina, hana kanzu wala kanga,
ana vijiti viwili tu kichwani.

Mia tano kwa ukurasa. Akatoa elfu.
Chenji akaiacha juu ya meza,
kusahau au kukusudia, sikujua,
na mfuko wa nailoni nao akauacha,
barua mpya kaitia kifuani, ndani ya shati,
mvua haijakoma.

Alasiri kaja kijana wa Chumbageni
na fomu yake ya chuo cha ufundi.
Jina, nikachapa. Kata, nikachapa.
Jinsi: Me/Ke.
Kidole kikakawia kwenye ule mkwaju,
kijiti kimoja tu, kimelala upande.
"Dada," akasema, "mbona ni Me? Si unaniona?"
Nakuona, mwanangu.
Nikafuta moja, nikaacha moja.