Mazoezi ya Jumapili, Porto Alegre

Tumesogeza meza ukutani.
Kabati la vyombo leo ni rafu za duka:
mchele, sabuni, betri mbili.
Keshia ni Tainara, hajatimiza miaka saba,
kapakata sahani ya sarafu
na anataka kila mtu apange foleni.

Ruan ana kumi na tatu. Mabega yamempanuka
tangu Pasaka. Juzi mama wa ghorofa ya nne,
yule aliyekuwa akimpa biskuti,
alitoka kwenye lifti alipomwona anaingia.
"Amesahau kitu," Ruan aliniambia.
Nikasema ndiyo, huenda kasahau kitu,
na usiku ule sikupata usingizi.

Sikiliza, mwanangu. Ukishaingia dukani
mkono usiende mfukoni. Begi lishike mbele.
Usiguse usichonunua. Ukinunua, hata pipi moja,
dai risiti, na ikae mkononi
mpaka uvuke barabara.
Usikimbie. Basi likikuacha, likuache.

"Mbona Guilherme hula zabibu
hata kabla ya kulipa?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimelibeba miaka kumi na tatu.
Likanikwama kama mwiba wa samaki.
"Guilherme ana mama yake," nikasema.
"Wewe una mimi."

Baba yao ndiye askari wa mlangoni.
Otacílio, fundi breki, mcheshi wa mtaa mzima,
kajibandika kofia ya Tainara, kakunja mikono.
Tukacheka.
Halafu akafungua kinywa:
"Wewe. Ndiyo, wewe. Toa ulichoficha.
Nyinyi nawajua kwa harufu."

Sauti haikuwa yake.
Wala hakuitunga pale; ilitoka nzima,
na lafudhi yake, na mate yake,
kama nyama iliyolala kwenye barafu
tangu alipokuwa na umri wa Ruan.
Miaka kumi na saba ya ndoa, sikuwahi kuisikia.

Tainara akaacha kuhesabu.
Ruan akamtazama baba yake, si askari,
akanyoosha risiti, kipande cha gazeti,
polepole, kama tulivyomfundisha.
"Hii hapa, baba."

Otacílio akavua kofia, akaenda jikoni,
akafungua bomba,
na maji yakamwagika muda mrefu
bila kuosha kitu.

Jumatatu Ruan akaenda kununua mkate peke yake.
Viazi tisa nilimenya, jicho dirishani.
Akarudi.
"Vipi?"
"Salama."
Mlango wa chumba ukafungwa.

Leo nafua. Mfukoni mwa suruali
nimekuta kijikaratasi kimekunjwa mara nne,
kimelowa, kimechujuka:
bei, saa, jina la duka, vyote vimekwenda.
Nimekibana kwenye kamba, katikati ya soksi.
Upepo unakipindua huku, unakipindua kule,
cheupe pe pande zote mbili.